Pima Ndia Kwanza

Kwetu Lamu mtu akitaka kitanda hapimi chumba kwanza, hupima ndia. Ndia ni njia kwa Kiamu, na ndia za Mkomani nilikozaliwa zina pahala ambapo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, na akija punda aliyebeba mawe wote wawili huingia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya jirani mpaka apite. Bibi yangu alikuwa akipima kwa mikono. Dhiraa mbili mpaka kona ya msikiti, dhiraa moja na shubiri kwenye kona ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikiamua mambo.

Mwana wa dada yangu hakupima. Aliposwa mwaka jana aliona kwenye simu seti ya sofa ya rangi ya maziwa, muuzaji yuko Mombasa, pesa zikatumwa. Sofa ikaja na lori mpaka Mokowe, ikavushwa kwa mashua, ikashushwa gatini, mahamali wanne wakaichukua kichwani. Kona ya kwanza ikapita. Kona ya pili ikakwama. Wakaisimamisha wima, wakailaza, wakaivua matakia, mmoja akapanda juu ya baraza ili aivute. Watu wakajaa nyuma, na nyuma ya watu punda. Muuzaji alipopigiwa simu akasema mali ikishauzwa hairudi. Ikabidi aitwe fundi seremala aikate katikati, ikaungwe tena ndani ya nyumba.

Nilikuwapo alipoikata. Ndani ya kile kitambaa kizuri mlikuwa na mbao za makasha, nyingine bado zina maandishi ya mzigo uliokuwamo, zimeshikanishwa kwa pini. Fundi akawa anazing'oa zile pini kwa koleo na kuzitia kwenye kikombe cha chai ili zisiwachome watoto miguu. Kikombe kikajaa, akaomba kingine. Binti alikaa kwenye ngazi akilia, nami sikuwa na la kumwambia ila kumshika mkono.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wakubwa wangu, mmoja baada ya mwingine, zombo zao walizinunua wapi.

Neno lenyewe lina habari ndani yake. Vitabu vya shule vinasema samani, watu wa bara na vijana wetu wanasema fanicha, lakini bibi yangu alisema zombo. Ni vyombo, kwa matamshi ya Kiamu: kitu na zitu, chombo na zombo, kama vile kidaka na zidaka. Ndani ya neno hilo kitanda na sahani vilikaa pamoja. Mtu akisema nyumba ya fulani ina zombo, alikuwa amekwisha kusema ukoo wake, mahari yao, na jahazi zilizoingia bandarini enzi za babu zao.

Asiyeijua nyumba ya mawe ya Lamu hawezi kuzielewa samani zake. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari imeshikwa na boriti za mkoko, na juu ya boriti kuna mawe mengine na chokaa nyingine. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka mbali chini ya uzito huo. Mita mbili na nusu, au zaidi ya hapo kidogo, basi. Kwa hiyo vyumba vyetu vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini na msana wa yuu, yaani ukumbi wa chini na wa juu, kisha ndani. Hakuna pahala pa kutia kabati la nguo wala meza ya watu wanane. Kazi ya kabati ilifanywa na zidaka, zile safu za vishubaka vya plasta vilivyochongwa ukutani, mkapangwa sahani za China, misahafu na chupa za marashi. Vitanda vilikaa mwisho wa msana, kimoja upande huu na kingine upande ule, vikafichwa na pazia. Kilichobaki cha kununuliwa kilikuwa kitanda, kiti, kasha na kioo. Zombo nne kubwa. Kila moja ilikuja na njia yake.

Kasha lilitoka baharini. Pepo za kaskazi zilipoanza kuvuma, jahazi za Arabuni, za Uajemi na za India zilishuka pwani yetu, zikakaa mpaka kusi iingie, zikarudi na boriti. Kila baharia alikuwa na sanduku lake, na ndani ya sanduku biashara yake mwenyewe mbali na mzigo wa nahodha: zulia dogo, marashi, kitambaa, kahawa. Akishauza vilivyomo, mara nyingi aliuza na sanduku. Hivyo ndivyo masanduku ya msaji na ya mbao nyingine ngumu za India, yaliyopigwa misumari ya shaba kwa mapambo, yalivyoingia majumbani mwetu. Kasha la babu yangu lina kijidroo cha siri chini ya kisanduku cha pembeni. Nilikijua nikiwa na miaka sita na sikuambiwa na mtu, nilimuona bibi akitia hirizi mle akidhani nimelala.

Kitanda kilitoka kwa fundi. Wa kale walikitafuta hata Siu na Pate, kisiwa cha jirani, kwa kuwa Siu ulikuwa mji wa mikono: walichonga milango, walifanya kazi za ngozi, walinakili misahafu ambayo mpaka leo wataalamu wanakuja kuitafuta. Vitanda vya huko vilikerezwa. Mbao inazungushwa kwenye keezo, fundi anaikata kwa patasi inavyozunguka, na kabla haijatolewa anaibandika lakiri, nyekundu, nyeusi, ya manjano, joto la mzunguko linaiyeyusha na kuinywesha mbao. Rangi hiyo haibanduki. Nimeiona kwenye vitanda vyenye umri wa miaka mia na zaidi, inang'aa kama imepakwa juzi.

Hapa naomba mnivumilie nitaje sehemu za kitanda, kwani majina yake yanapotea kuliko vitanda vyenyewe. Miguu ni matendegu, mmoja tendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati. Mbili fupi, ya kichwani na ya miguuni, ni vitakizo. Kazi ya kutandaza kamba kati yao ni kuwamba, na aliyekuwa akiwamba vizuri alijulikana mtaa mzima. Kitanda cha kila siku cha kamba ni ulili. Kitanda kikubwa chenye nguzo na nakshi, ambacho mtu hupanda kwa kijingazi, ni samadari. Niliwauliza vijana watano wa Usita wa Mui maana ya mfumbati, na mmoja tu ndiye aliyejua, naye ni mwana wa seremala.

Usita wa Mui ndio uti wa mgongo wa mji, njia kuu ya maduka inayokwenda sambamba na bahari kutoka Langoni kupita Mkunguni mbele ya ngome na kuendelea Mkomani. Zamani ndio uliokuwa ufuo. Maji yalifika pale, na majengo yote yaliyo kati yake na bahari leo yamesimama juu ya ardhi iliyojazwa baadaye, baada ya ngome kukamilika mwaka 1821 na biashara kutanuka chini ya utawala wa Waomani. Ndipo wafanyabiashara wa Kihindi, Mabohora na wengineo, walipojenga maduka yao pande mbili za njia. Milango yake ni ya mbao za kukunjwa, duka chini, familia juu.

Katika miji mingine ya dunia karne ileile ilizaa maduka makubwa. Paris, mwaka 1852, Aristide Boucicaut aliingia ubia katika duka la Le Bon Marché na kulifanya nyumba nzima ya kuuzia kila kitu, kila bidhaa na bei yake imebandikwa, mteja anaingia na kutoka bila kulazimika kununua. Usita wa Mui ulifanya kazi hiyohiyo kwa namna nyingine. Kila mlango ulikuwa idara yake. Huyu saa za ukutani na vioo, yule taa za karabai na vyungu vya shaba, mwingine nguo, mwingine misumari, bawaba na vitasa, na mbele ya Mkunguni dalali anaita mnada wa zombo za marehemu fulani. Bei haikubandikwa popote. Badala yake palikuwa na daftari. Mama yangu anakumbuka daftari refu jekundu lililoandikwa kwa Kigujarati, ambalo hakuna mteja aliyeweza kulisoma na wote waliliamini. Kioo kikubwa cha nyumbani kwetu kililipwa kwa misimu mitatu ya nazi.

Nadhani hapo ndipo sisi tulipotofautiana na Paris kwa jambo kubwa zaidi. Duka kubwa limejengwa juu ya mteja asiyejulikana. Usita wa Mui ulijengwa juu ya mteja ambaye mama yake anajulikana. Ubaya wake ni kwamba maskini na aliyetoka nje ya koo hakupewa daftari kwa urahisi, na hilo wazee wakilisimulia hulipita haraka. Mimi sitaki kulipita. Majumba yenye samadari za nakshi yalifagiliwa na watumwa, mashamba ya bara yaliyolipa kioo na kasha yalilimwa na watumwa. Waliokuwa chini ya ngazi walilala juu ya mkeka. Mtu anayeipenda historia ya zombo za Lamu, kama ninavyoipenda mimi, hana budi kuubeba na mkeka huo.

Kiti ndicho kilichonishika kuliko vyote.

Kiti cha enzi mmekiona hata kama hamkijui jina: kile cha mbao nyeusi, kirefu mgongo, mikono mipana, kimewambwa kwa uzi mgongoni, kwenye makalio na pembeni, kina pahala pa kupumzisha miguu mbele, na vijipande vya pembe za ndovu au mfupa vimepachikwa kwenye mbao kama nyota. Kilikuwa cha mgeni wa heshima, cha mwenye nyumba siku ya jambo, cha bwana harusi. Wasomi wamebishana asili yake, wengine wameitafuta Misri, wengine kwa Wareno na India. James de Vere Allen, msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya Lamu, aliandika mengi juu ya viti hivi. Mimi sina elimu ya kuamua. Ninachojua ni kile alichonionyesha fundi mmoja wa Langoni, mzee wa miaka themanini, nilipokwenda kumuuliza baada ya kadhia ya sofa.

Alikuwa na kiti kimoja cha zamani ambacho watu walimletea akiwambe upya. Akanambia kwa Kiamu, "Mwanangu, ndoo utizame. Hakina msumari hata mmoya." Akagonga kabari ndogo kwa kishikio cha patasi, akaivuta, akavuta mkono wa kiti, ukatoka. Akagonga nyingine. Muda wa kunywa kikombe cha kahawa kile kiti kikawa rundo la mbao mbele yangu juu ya jamvi, kila mbao ina ulimi wake na kila ulimi una tundu lake. Rundo lile mtu mmoja angelibeba begani na kupita nalo kona yoyote ya Mkomani.

Kampuni ya IKEA ya Uswidi ilitia kwenye katalogi yake samani za kufunguliwa miaka ya 1950. Habari inayosimuliwa ni ya mfanyakazi wao aliyeing'oa miguu meza ili iingie garini. Mafundi wetu hawakuwa na gari, walikuwa na ndia na jahazi, wakafikia jibu hilohilo zamani mno. Samadari nayo hufunguka: matendegu pekee, mifumbati pekee, nguzo pekee, vitakizo pekee. Ndiyo maana kitanda kikubwa kuliko mlango kiliweza kukaa ndani ya nyumba ambayo mtu akiingia huinama.

Kupungua kwa mji kulikuja kwa hatua. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na meli zikafuata reli. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya, mashamba ya bara yakarudi kuwa msitu. Baada ya uhuru vita vya mashifta, waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya, viliwafukuza watu wa vijiji vya bara, na mwenye duka mmoja mmoja kwenye Usita wa Mui akafunga milango yake ya kukunja, akahamia Mombasa. Jahazi za kaskazi nazo zikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, zikakosa hata mzigo wa kurudi nao. Majumba yakabaki na zombo lakini bila ya pato.

Wanunuzi hawakungoja mwaka huo. Hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Miaka ya sitini na sabini wageni walikuwa wameanza kuijua Lamu. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967, vijana wa Ulaya na Marekani wakaja kwa mashua na mabegi mgongoni, na nyuma yao wakaja watu wenye macho ya biashara. Hawakuwa na duka. Walitembea mlango kwa mlango na kijana wa mji aliyewaongoza, wakaonyeshwa ndani, wakasifu kidogo, wakataja bei. Milango iling'olewa kwenye kuta zake. Viti vya enzi viliondoka kwa gati. Nilikuwa na miaka minane walipoichukua samadari ya bibi.

Alipewa shilingi mia nne, kitanda cha chuma cha bluu, na godoro la sponji. Lile godoro ndilo lililomshinda bibi. Mpaka wakati ule tulilalia sufi, magodoro yaliyojazwa pamba ya msufi, na kila mwaka likishakuwa na mabonge huitwa fundi wa magodoro aje alitoboe, aichambue sufi juani na kulishona upya, na nyumba nzima hukohoa siku mbili. Sponji ilikuwa nyepesi, safi, haina vumbi. Bibi alikuwa na pumu. Watu wanapowalaumu wazee wetu kwamba waliuza urithi kwa upumbavu huwa nataka wamuone mwanamke yule usiku, ameketi wima kitandani anatafuta pumzi. Mnunuzi alijua thamani ya samadari na akanyamaza. Bibi hakuijua, na alikuwa anataka kulala.

Waliifungua mbele yetu. Matendegu manne, nguzo, mifumbati, kitakizo cha kichwani. Kitakizo cha miguuni mnunuzi alikipindua, akaona mchwa umekula pembe moja, akakiacha. Bibi alikipigilia ukutani jikoni, kikawa rafu ya vikombe. Nimekua nikikitazama kila asubuhi: maua matatu, mawimbi, na mstari wa lakiri nyekundu uliokolea masizi.

Serikali na makumbusho walifika baadaye, lakini walifika. Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika nyumba ya mbele ya bahari iliyokuwa ya maofisa wa kikoloni. Kwa mara ya kwanza samadari na kiti cha enzi vikawekwa pahala ambapo mtoto yeyote wa mji angeweza kuvitazama. Uwindaji ukapigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya pembe, kwa hiyo fundi wa kiti cha enzi wa leo hupachika mfupa wa ng'ombe au wa ngamia. Mji wa mawe ulitangazwa hifadhi mwaka 1986, ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kutoa mlango wa kale nje ya nchi bila kibali sasa ni kosa. Mengi yalikuwa yamekwisha kwenda.

Jambo ambalo sikulitarajia ni nani aliyewarudishia mafundi kazi. Wageni walionunua majumba Shela na Mkomani walitaka vitanda vya Kilamu. Mahoteli ya Malindi na Diani yakataka vya namna hiyo kwa vyumba vingi kwa mpigo. Karakana zikafunguka upya, vijana wakaingia kujifunza, wengi wao wakienda kwanza makumbusho na kipande cha karatasi kuchora nakshi. Fundi wangu wa Langoni alinambia wazi kwamba lau si wageni angekuwa mvuvi. Lakini pia alinambia kwamba katika miaka arobaini amechonga vitanda asivyoweza kuvihesabu, na vilivyoingia katika nyumba za Waamu wenzake havifiki kumi. Bei imekuwa ya hoteli. Serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao ngumu zikapanda tena, na binti anayeolewa akabaki na simu yake na picha ya sofa.

Kwa upande wa nchi, maduka makubwa yalikuja na kupita. Duka la Uchumi lilianzishwa mwaka 1975. Nakumatt, jina lililofupishwa kutoka Nakuru Mattresses, lilianzia kwenye duka la magodoro mjini Nakuru na kukua mpaka kuwa na matawi zaidi ya sitini katika Afrika Mashariki, likiuza kuanzia maziwa hadi makochi. Januari 2020 wadai wake walipiga kura lifilisiwe. Ndugu zetu waliokuwa Nairobi walikuwa wakitutumia picha wamesimama kati ya safu za sofa, na sisi tukizitazama kama mtu anavyotazama picha za Hija. Yule aliyemuuzia mwanetu ile sofa ya maziwa hana hata mlango wa kubisha. Ana picha na namba.

Sofa iliungwa. Upande mmoja umeanza kulegea, na hewa yetu ya chumvi imekwisha kula pini zilizobaki. Miezi miwili kabla ya harusi binti alikuja nyumbani kwangu akakaa jikoni, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mamdogo, kitanda nataka cha fundi. Kidogo tu. Kisiwe cha nguzo."

Tulichangishana. Mimi, dada yangu, shangazi zake wawili, na bwana harusi mwenyewe, aliyesema hajali nakshi lakini hataki tena kukwama kwenye kona mbele ya watu. Tukanunua mbambakofi kutoka kwa mtu aliyebomoa jengo la zamani, mbao kavu kabisa, ngumu kiasi cha kuliza randa. Nikakibandua kile kitakizo ukutani, nikakifunga kwa leso, nikakipeleka Langoni.

Fundi alikifuta masizi kwa kitambaa chenye mafuta. Ikatoka ile nyekundu. Akatandika karatasi juu ya maua matatu, akasugua kwa kipande cha mkaa mpaka nakshi ikajitokeza, akaning'iniza karatasi kwenye msumari. Halafu akakipindua. Mimi nilidhani anatazama mchwa. Alikuwa anatafuta karibu na ulimi, anapapasa kwa kidole gumba, kisha akaniita niweke kidole changu pale. Kulikuwa na mikato midogo mitatu ya patasi, imelala sambamba, upande wa nyuma ambao hauonekani kitanda kikisimama. Katika upande wa pili, ule usioliwa, mikato minne.

"Ni hesabu," akasema. "Tendegu la tatu liingie hapa, la nne kule. Ili wakikifungua wakenda nacho nyumba nyengine, anayekifunga asikosee."

Akachukua tendegu jipya lililokuwa juu ya benchi, akaligeuza, akatazama ulimi wa kitakizo mara nyingine, akachagua patasi nyembamba. Akakata mara tatu.